Filimbi Tatu za Geti Kuu

"Kunguru, wako ishirini na mmoja!"

Sauti ya Mkuu wa Idara ilimkwaruza jasusi sikioni, kupitia redio ndogo kama punje ya mahindi.

"Waigizaji niliowakagua ni ishirini."

"Basi mmoja ni muuza makombora. Ametolewa selo. Akivuka geti hatumpati tena."

Kunguru alivaa sare ya wafungwa kama wengine, bastola ya Beretta kiunoni. Gereza lilikuwa la kweli. Filamu ya televisheni ndiyo ilikuwa ya uongo: wafungwa wanatoroka saa sita mchana, askari wanafyatua risasi za bandia, geti limeachwa wazi kwa kibali. Na wafadhili wa filamu hiyo walikuwa washirika wa muuza makombora kutoka ng'ambo. Ujanja ulioje!

Nyuso zote zilipakwa masizi na damu ya rangi.

Mtu wa kumtambua muuza makombora alikuwa mmoja tu, sajini mzee wa geti. Asubuhi ile ilisemekana kuna askari aliyehongwa. Kunguru, kwa kuogopa kuonekana anapendelea ndugu, alimnyang'anya mzee funguo mbele ya vijana wake, akamkabidhi koplo mmoja, kisha akamfungia mzee ndani ya chumba cha walinzi.

Mzee huyo alikuwa mjomba wake. Ndiye aliyemlea.

"Haya, kimbieni!" mwongozaji alipaza sauti.

Wakatimka. Kunguru alikimbilia dirisha la chumba cha walinzi.

"Mjomba! Yupi?"

Mzee hakuinuka benchini. "Mimi si nimenunuliwa? Muulize unayemwamini."

"Nakuomba, mjomba. Geti liko wazi!"

Mzee alimtazama. Kisha akavua filimbi shingoni, akaipitisha kati ya nondo.

"Piga tatu, ndefu. Mtazame atakayechuchumaa."

Kunguru alipuliza.

Waigizaji waliendelea kukimbia. Mmoja, hatua mbili kutoka getini, alichuchumaa, mikono kichwani, tayari kuhesabiwa. Miaka tisa ya filimbi hiyo kila alfajiri ilikuwa imemkaa mwilini. Alipozinduka, Beretta ilikuwa kisogoni.

"Kata!" mwongozaji alifoka. "Nani kamwambia huyo achuchumae?"

Redio ilikoroma. "Kazi safi, Kunguru. Wafadhili tumewatia pingu. Na koplo uliyempa funguo ameungama. Ndiye aliyefungua selo."

Kunguru alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikwenda mwenyewe kumfungulia mzee.

"Mjomba, nimekukosea. Nimekuaibisha mbele ya vijana wako."

Angezabwa kofi, ingekuwa nafuu. Mzee alifunga kifungo cha shingo, akasimama wima, akampigia saluti.

"Naomba ruhusa nirudi lindoni, afande."

Afande! Kunguru aliitikia kwa kichwa.

Nje waigizaji walimpigia makofi. Alivaa miwani yake myeusi ya Ray-Ban na kuelekea garini taratibu, bila kugeuka, kama mtu asiye na wasiwasi wowote. Nyuma ya vioo vile alikuwa analia.