Taa Mia Moja na Ishirini

Jumatano, saa kumi alasiri. Misiera, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda.

Chumba cha nyuma cha duka la Marcienne kilinuka vitenge vipya na dagaa wakavu. Mlango umetiwa komeo. Watu wanne, stuli tatu. Mihigo alisimama.

Marcienne hakuwa mtu wa kupayuka. Mbele ya duka aliuza vitenge. Nyuma ya duka aliuza chochote ambacho mwenyewe hakuwepo kukizuia. Alitandaza kipande cha katoni juu ya magunia, akachora kwa chaki ya kushonea: geti, stoo, barabara.

"Kesho saa ine minista anakuja kuona stade," alisema. "Askari yote batakuwa kule kwa jukwaa. Kwa stoo atabakia mutu mumoja tu. Huyu."

Alimnyooshea chaki Nkusi, karani wa stoo ya uwanja mpya wa mpira kule Mbarara. Mwenyeji wa hapohapo, shati limepigwa pasi kama la bwana harusi. Ndiye aliyeileta dili hii.

"Taa iko mia moja na ishirini," Nkusi alisema. "Ile kubwa ya juu. Masanduku arobaini. Mimi nitaandika karatasi ati zinarudi kwa kampuni, ziko mbovu. Nyinyi napakia, nasaini, nakwenda. Imekwisha."

"Na kwa geti?" aliuliza Parfait, dereva.

"Geti nasoma karatasi tu. Karatasi ni mimi."

Mnunuzi alikuwa anasubiri Kikagati, mpakani. Mihigo ndiye wa kusaini, kwa sababu alibeba saruji pale miezi sita na stoo aliijua kama kiganja chake. Angesaini jina la bandia, Mugisha Bernard. Siku mbili alikuwa amejifunza kuliandika kwenye daftari, mpaka likatoka bila kusita.

"Mama Marcienne," alisema, "na ile mambo ya Venuste?"

"Kamyo ikipita Kabingo, unanipigia simu. Palepale mutu yangu analipa vyuma kwa kliniki. Nimesema."

Venuste alikuwa mdogo wake. Wiki mbili nyuma alianguka akiwa kazini, kutoka juu ya jukwaa la uwanja huohuo, mguu ukavunjika mara tatu. Sasa alikuwa amelazwa kwenye kliniki ndogo ya mifupa, Nyamitanga, ng'ambo ya mto. Daktari alisema kweli bila kuzunguka: vyuma vya kuunga mfupa viingie kabla ya Alhamisi jioni, la sivyo mguu unakatwa, maana umeanza kuoza.

Na mkandarasi je? Mkandarasi alifungua kitabu cha vibarua na hakumwona mtu anayeitwa Venuste. Vibarua wenyeji waliandikwa kwa kalamu ya wino. Wakimbizi waliandikwa kwa penseli. Mtu akianguka, penseli inafutika. Uwanja umejengwa kwa fedha ya umma, bango limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa kuliko mlango wa nyumba. Lakini umma una mipaka yake, na Venuste alikuwa nje ya mpaka.

Mihigo hakuwa mwizi. Alikuwa mchungaji aliyenyang'anywa ng'ombe kule Kivu, akawa mkulima wa mahindi Nakivale, akawa kibarua wa zege. Kesho ndiyo angekuwa mwizi. Kila alipolisukuma mbali wazo hilo, aliuona ule mguu.

Alhamisi, saa nne kasoro robo asubuhi. Mbarara.

Fuso iliingia kinyumenyume mpaka mlango wa stoo. Upande wa pili wa uwanja tarumbeta zinalia, vipaza sauti vinakoroma, wanafunzi wamepangwa juani tangu saa moja. Parfait hakuzima injini.

Mihigo na wapagazi wawili wa kukodi walipakia. Sanduku la kwanza lilimvuta mabega. La pili pia. Alibeba mizigo maisha yake yote, na mgongo wake ulimwambia jambo: taa hazina uzito huu.

"Nkusi. Hii kitu iko mzito sana."

"Taa ya stediamu, ssebo. Wewe nafikiri ni ya chumba cha kulala?"

Aliinama, akabeba la tatu. Masanduku arobaini. Dakika ishirini na tano. Jasho lilimwingia machoni.

Saa nne na dakika kumi na mbili. Kelele za kumpokea waziri zilipasuka. Mihigo akaenda dirishani kusaini, kalamu tayari mkononi. Mugisha Bernard. Mugisha Bernard.

Nkusi hakunyanyua macho. Alisukuma karatasi, juu yake kibweta cha wino wa mhuri.

"Weka kidole," alisema.

Miaka kumi na moja Nakivale, maneno hayo yalikuwa na maana moja. Weka kidole, chukua maharage. Weka kidole, chukua sabuni. Weka kidole, tujue bado uko hai. Huulizi. Nyuma yako kuna foleni, ukichelewa unapigiwa kelele. Na Nkusi aliyasema kwa sauti ileile ya wale wa meza ya mgao, kavu, ya mtu aliyeyasema mara mia tangu asubuhi.

Kidole cha Mihigo kilienda chenyewe. Kwenye wino, kisha kwenye karatasi, kikabiringishwa kushoto na kulia kama inavyotakiwa.

Alipokitazama kilikuwa cha zambarau. Kalamu bado iko mkono wa pili.

"Ngoja," alisema. "Nilipashwa kusaini."

Nkusi alikuwa ameshachana nakala. "Iko sawa tu. Nenda."

Saa tano na robo. Barabara ya Kabingo.

"Onesha mukono," Parfait alisema.

Mihigo aliuficha katikati ya magoti.

"Onesha." Aliuona. Fuso ikayumba kidogo. "Uliweka kidole? Ile saini ulijifunza siku mbili, juu ya nini?"

"Aliniambia weka kidole, nikaweka."

"Wewe ni mujinga, Mihigo."

Hakubisha. Kule Base Camp, ofisi kuu ya kambi, ndani ya mashine ya usajili, kidole hicho kilikuwa na sura yake, namba yake, kijiji chake, na majina ya watu wa nyumba yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Yeye na Venuste.

Kabla ya Kabingo barabara ilikuwa imechimbwa. Tairi la nyuma lilitumbukia, mzigo ukaruka, kitu kikapasuka. Walishuka. Sanduku moja lilikuwa limefunguka ubavu, na kilichomwagika barabarani kilikuwa tofali. Tofali nyekundu, za uwanja uleule. Labda nyingine alizibeba yeye.

Mihigo alipanda, akavunja la pili kwa spana. Tofali. La tatu. Tofali, na nyasi kavu za kuzuia zisigongane.

"Taa iko wapi?" Parfait aliuliza kwa sauti ndogo.

Redio ya gari ndiyo iliyomjibu. Ilikuwa inatangaza sherehe moja kwa moja, kwa Kinyankore, na Mihigo alikielewa kwa sababu hakiko mbali na lugha ya mama yake. Sauti ilisema majambazi, wakimbizi kutoka Nakivale, wameiba asubuhi hii taa zote mia moja na ishirini za uwanja. Ikasema waziri amesikitika sana. Ikasema serikali itatafuta fedha nyingine kununua taa nyingine. Watu wakapiga makofi.

Mihigo alikaa juu ya sanduku. Ikamwingia polepole. Taa hazikuwahi kufika. Kuna watu walizila zikiwa bado kwenye karatasi, na hesabu ilipokaribia kuulizwa walihitaji mwizi. Wakamtuma karani kwenda kumchukua Misiera.

"Na Marcienne?" Parfait alisema. "Anajua?"

Mihigo alipiga simu. Mara ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili ilikuwa imezimwa. Marcienne pia ana redio dukani, naye alikuwa amesikia. Hakuwauza. Aliwaacha tu, na kwa Venuste hiyo haikuwa na tofauti yoyote.

"Mi naenda kukojoa," Parfait alisema.

Alivuka mtaro. Upande wa pili alisimamisha bodaboda, akapanda bila kupatana bei. Hakugeuka nyuma.

Mihigo angeweza kukimbia. Migomba ilikuwa hatua kumi. Lakini akimbilie wapi na kidole hicho? Aliendelea kupiga ile namba iliyozimwa. Saa sita. Saa sita na nusu. Aliwapigia kliniki, akamwomba muuguzi wangoje fedha mpaka kesho. Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba yeye angengoja, mguu ndio haungoji.

Polisi walipofika walimkuta ameketi juu ya tofali, simu sikioni.

Saa kumi na moja na nusu jioni. Kituo cha polisi.

Ofisa alikuwa mtu mzima, mtaratibu, hakumpiga. Aliweka karatasi mezani.

"Hii kidole ni ya nani?"

"Ni yangu, afande."

"Umepokea taa mia moja na ishirini."

"Balinipa tofali, afande. Kamyo iko pale inje. Mwende muangalie."

"Nimeangalia. Nimeona tofali. Sasa taa umepeleka wapi?"

"Haikukuwa na taa. Hata moja."

Huenda ofisa alimwamini. Uso wake ulichoka ghafla, akasugua macho kwa vidole viwili. Kisha akaigonga karatasi, taratibu.

"Karatasi inasema taa," alisema. "Mimi nafuata karatasi."

Akachukua kalamu ya wino, akaandika jina. Mihigo, namba, kijiji. Yote yametoka kwenye mashine, hakuna hata herufi moja iliyokosewa. Halafu akaandika la pili.

"Venuste ni ndugu yako. Alifanya kazi huko ndani, stoo anajua."

"Kitabu yao ilisema hakufanya kazi pale, afande. Balisema hawamujui."

"Leo wanamjua. Wameandika barua." Aligeuza ukurasa. "Usisumbuke, yeye tumeshakamata. Vijana walienda Nyamitanga, wamemfunga pingu kwa kitanda."

Mihigo alikitazama kidole chake. Alikuwa amekisugua kwenye suruali mchana kutwa na zambarau haijatoka.

"Bamefunga mukono?"

"Mikono ina dripu. Wamefunga mguu."

Ofisa alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

"Mguu gani, afande?"

Ofisa aliangalia ripoti ya vijana wake, akatafuta mstari kwa kidole.

"Yeye iko na moja tu," alisema.