Aliyeambiwa Amefika

Asubuhi ile uwanja wa ndege wa Sambava ulinukia vanila na mvua. Ukoo wa Lalao ulikuwa umetandika mkeka kwenye sakafu ya ukumbi, watu wanakula wali wa baridi na kunywa maji yaliyochemshiwa ukoko wa wali, wakiingoja ndege ya Antananarivo. Kando yao kulikuwa na sanduku fupi la mbao. Ndani yake, katika sanda ya hariri, ilikuwemo mifupa ya Voahirana, dada yake Lalao, iliyofukuliwa jana ili ikalazwe kwenye kaburi la mama yao kule milimani.

Kipaza sauti kikatangaza kwamba ndege imechelewa. Ukungu, walisema.

"Mwambie mkeo tumekwama," Shangazi Razafy alimnong'oneza Solofo, mume wa marehemu.

Kwao maiti anayesafirishwa huambiwa kila mnaposimama. Tunavuka mto. Gari limeharibika. Mwenye kusema ni mume. Ila neno "umefika" halitamkwi mpaka mlangoni pa kaburi, maana maiti akilisikia huamka kuikagua nyumba yake.

Solofo, tajiri wa vanila, alirekebisha koti lake. "Mbele ya watu wote hawa, Shangazi? Wataniona kichaa."

"Atadhani tumemtupa, baba."

"Basi na adhani." Akacheka.

Kicheko kile kilimchoma Lalao. Yeye ndiye aliyemwosha dada yake. Solofo alisema kilichomuua ni homa. Homa gani hiyo inayovunja kucha za mikono yote miwili? Alipouliza, aliambiwa ana wivu, anyamaze. Na leo, Solofo akishatoa baraka zake kaburini, yamekwisha. Mume aliyebariki hadaiwi tena, na mchumba mpya alikuwa tayari anashonewa nguo. Lalao alijua akipanda ndege ile hana tena pa kumshika. Lakini Mungu si Athumani, ndege imechelewa.

Shangazi alipokwenda kutafuta maji, Lalao aliinama juu ya sanduku.

"Dada, umefika. Amka. Mumeo huyu hapa."

Solofo alimsikia. "Umesema nini, wewe?"

"Nimekusaidia, shemeji. Si unaona aibu?"

Hakuna kilichotokea. Watu waliendelea kula. Mtoto wa abiria mmoja alikuwa analia, kisha akanyamaza ghafla.

Sanduku likagongwa. Kutoka ndani.

Likagongwa tena, taratibu, kama mtu aliyechoka. Kisha kimya.

Solofo akageuka kukitazama kiti cha pembeni yake. Kilikuwa kitupu. Alikitazama kwa muda mrefu, uso umemparama.

"Nilikusikia," alikinong'oneza kiti. "Nilikusikia ukigonga."

Akatega sikio, kama anayeulizwa.

"Ufunguo wa ghala nilikokufungia nilikuwa nao. Nilitaka unyamaze kidogo tu, halafu nifungue. Kisha nikaona... bora ibaki hivyo."

Shangazi alikuwa amerudi. Alisimama na kikombe mkononi, na ukoo mzima ukasikia. Lalao alimwangalia shemeji yake akiungama mbele ya kiti kitupu, akaona raha. Raha kabisa, wala hakuificha.

Ndege ilipotua, Solofo hakuinuka. Wanaume walimvuta wakashindwa. Mkono wake ulikuwa umebanwa kwenye kiti kile kitupu, na nyama ya kiganja imebonyea mahali pa vidole vya mtu.

"Anasema hapa ndipo kwetu," alisema Solofo, machozi yanamtoka. "Anasema hatuondoki."

Wakamwacha.

Milimani, mbele ya kaburi lililo wazi, wanawake waliifungua sanda kama desturi. Mafundo yalikuwa yaleyale aliyoyafunga Shangazi kwa mkono wake. Aliyafungua moja moja, akiimba.

Wimbo ukakatika.

Ndani hapakuwa na hata mfupa mmoja.

Lalao alitazama ndani ya kaburi, pembeni ya mama yao, mahali palipofagiliwa kwa ajili ya dada yake. Ndipo alipoelewa alichokifanya: dada yake alikuwa ameonyeshwa nyumba kule uwanjani, si hapa.

"Ulimwambia nini, mwanangu?" Shangazi alinong'ona.

Shangazi aliipapasa hariri, akautoa mkono upesi. Akaipapasa tena, kuhakikisha.

"Ina joto," alisema.