Kitabu Kiitwacho Popo

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, duka la vitabu halikuwa na pa kukanyaga. Wazazi walisukumana kwenye kaunta, watoto walililia mikoba yenye picha, na feni ilizungusha joto lile lile. Kwenye kona ya vitabu vya watoto, mwanamke mmoja aliyevaa gauni la bluu na viatu vya chini alikuwa amekaa sakafuni kana kwamba yuko kwake. Alichukua kitabu, akaziba picha kwa kiganja, akasoma ukurasa kwa sauti ya chini, kisha akaiachia picha na kuitazama. Vichache aliviweka kwenye kikapu. Vingi alivirudisha.

"Samahani, dada," sauti ya kiume ilisema juu ya kichwa chake. "Hicho ulichokirudisha sasa hivi kina kosa gani?"

Aliinua macho. Mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, ila mfukoni lina doa la wino.

"Maneno yanasema mbuzi, picha ni ya kondoo. Mtoto akikwama kwenye neno anakimbilia picha. Atasoma kondoo, mwalimu atamwambia amekosea, na wala hana kosa. Sijui aliyechora alikuwa amesinzia?"

"Alikuwa na homa."

"Unamjua?"

"Sana. Tunavaa viatu vile vile. Ni mimi."

Yule mwanamke, aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza, alijifunika uso kwa kitabu na kucheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi pole kwa homa, kaka. Lakini yule ni kondoo."

Mchoraji alimbebea kikapu hadi kwenye foleni, akimdodosa njia nzima. Kitabu kizuri ni kipi? Mwalimu alimjibu bila kujivuna. Maneno yawe yale mtoto anayoyasema nyumbani. Sentensi ziwe fupi, neno lirudi na kurudi mpaka alizoee. Herufi kubwa, zisibanane. "Na kiwe na kitu cha kumfanya atake kufunua ukurasa. Vingi vya hapa vinamhubiria tu. Nani anapenda kusoma ili agombezwe?"

Walipoachana mlangoni, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Simu zikaanza. "Mwalimu, nimechora ng'ombe. Njoo uhakikishe si punda."

"Ana pembe?"

"Anazo."

"Basi nipumzishe, nina madaftari ya kusahihisha."

"Unisahihishe na mimi, mpenzi, nimejaa makosa."

Jumapili Mchoraji alikuwa akija nyumbani kwa dada yake Mwalimu, fundi cherehani, ambako Mwalimu aliishi. Dada alimpenda upesi. "Shemeji, siku ukinichora unipunguze kiuno," alimwambia, na Mchoraji akaapa kwamba kalamu yake haijui uongo.

Jioni moja, chumbani kwa Mchoraji, kati ya brashi na makopo ya rangi, Mwalimu alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Mimi sikujua kusoma mpaka darasa la tatu. Nilikuwa nakariri. Wenzangu wakisoma nasikiliza, zamu yangu ikifika nasema yote. Siku moja mwalimu akanipa kitabu kichwa chini miguu juu, kunijaribu. Nikakisoma vizuri kabisa, na kurasa nikafunua." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Darasa zima liliangua kicheko. Toka siku ile wakaniita Popo. Hata watoto wa madarasa ya chini, Popo. Nilikuwa najificha chooni mapumziko yaishe. Dada ndiye aliyenifundisha, nyuma ya nyumba, anaandika ukutani kwa mkaa. Walimu wenzangu hawajui. Nisingependa wajue."

Mchoraji alimfuta machozi kwa kidole gumba. "Limefika kwangu, limekwisha. Halitoki humu."

Alisema kweli, kwa jioni ile. Lakini alipobaki peke yake, mkono wake ulichora msichana mwenye kitabu kilichopinduka. Picha ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Akajiambia atamwomba ruhusa kesho. Kesho yake akachora ya pili. Mwalimu akimuuliza mbona haonekani, alijibu, "Nina kalenda ya kampuni fulani, mpenzi, wananisumbua kweli." Alipouzoea uongo huo, haukumtetemesha tena.

Shule ilipokaribia kuchagua vitabu vya mwaka mpya, mchapishaji alileta boksi la sampuli. Mwalimu ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi huo. Alilifungua ofisini huku wenzake wakinywa chai. Kitabu cha tatu kilikuwa na msichana kwenye jalada: nywele mafundo mawili, alama nyeusi chini ya jicho la kushoto, kitabu mikononi kichwa chini. Juu yake, kwa herufi kubwa zisizobanana: POPO. Chini, jina la mpenzi wake.

Alishika alama iliyokuwa chini ya jicho lake mwenyewe. Akakitia kitabu kwenye mkoba, akatoka hadi nyuma ya madarasa, akapiga simu.

"Kalenda imekwisha?"

"Umekiona."

"Nimejiona."

"Mpenzi, nilitaka iwe zawadi. Nilitaka kukushangaza. Mwishoni Popo anashinda, umefika mwisho?"

"Uliniuliza?"

"Sikutaja jina lako."

"Popo ndilo jina langu! Umeniweka na alama ya usoni. Uliniuliza?"

Mchoraji alivuta pumzi. "Nilijua ningekuuliza ungekataa."

Mwalimu alikata simu. Ilipoita tena aliitazama tu mpaka ikanyamaza.

Nyumbani, dada alikisoma kitabu chote, cherehani imesimama. "Mdogo wangu, hata mkaa wangu kauweka," alisema. Kisha akatoa tusi moja zito ambalo Mwalimu hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Ilikuwa rahisi kukikataa. Mwalimu angesema hakifai, na nani angembishia? Lakini sheria aliiweka mwenyewe: hakuna kitabu kitakachokataliwa kabla hakijasomwa na mtoto. Kesho yake darasani alimwita msichana mmoja wa dawati la mbele, hodari wa kukariri, ambaye kwa muhula mzima alikuwa akisema maneno bila kuyaona. Akaziba picha kwa kiganja.

"Po-po a-na-so-ma," msichana alianza, kidole chini ya neno. "Wa-to-to wa-na-che-ka." Akasimama. "Wanamcheka nini, si wangemfundisha?"

"Endelea."

Aliendelea. Alifunua ukurasa mwenyewe bila kuambiwa. "Mwalimu, Popo yupo kweli?"

"Yupo."

"Sasa hivi anajua kusoma?"

"Anajua."

"Basi toa mkono, nimalizie."

Kwenye kikao, mwalimu wa darasa jirani alikuwa bado anacheka. "Hicho cha Popo kimenivunja mbavu! Mtoto anasoma kichwa chini, anafunua na kurasa!"

"Kinafaa," Mwalimu alisema. "Maneno ni ya watoto, picha zinakubaliana nayo. Kiwe cha kwanza. Na huyo Popo ni mimi. Afadhali mlisikie kwangu."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu mkuu alimsogezea kikombe cha chai, akaendelea na kitabu kinachofuata.

Habari zilimfikia Mchoraji kupitia kwa mchapishaji. Alimsubiri Mwalimu getini wakati wa kutoka, suruali nyeusi, shati jipya lisilo na doa, kiboksi kidogo cha pete kiganjani.

"Umekichagua," alisema, macho yanang'aa. "Nilijua moyo wako. Kubali nikuoe, Mwalimu wangu, tuyaache haya."

"Kitabu ni kizuri. Ni kizuri sana, na hapo ndipo panaponiuma. Nimewachagulia watoto."

"Na mimi?"

"Wewe ulijua nitakataa, ukafanya. Kila nilipokuuliza, ulinitazama usoni ukaniambia kalenda."

"Nakupenda. Hilo si uongo."

"Labda. Mimi nitajuaje?"

Watoto waliwapita pande zote mbili wakipiga kelele. Mchoraji alikirudisha kile kiboksi mfukoni polepole. "Nitakupigia?"

"Usinipigie."

Mwalimu alivuka barabara, akatembea hadi kona ambako Mchoraji hakuweza kumwona tena, ndipo machozi yakamtoka. Kicheko cha darasa lile la zamani hakikumliza. Aliyokuwa akiyarudia kichwani ni jioni zote alizokaa kwenye kile chumba akiongea, kichwa chake begani kwa yule mtu, naye akimwambia, "Ehe, kisha ikawaje?" Alijaribu kukumbuka ni jioni ipi alikuwa akisikilizwa na mpenzi, na ni ipi alikuwa akisikilizwa na mtu anayetafuta hadithi. Hakuweza kuzitenganisha.