Nilimfundisha Mume Wangu Kuchora Saa

"Mama yako asijue, Denise. Akijua, kitakuwa kilio upya!"

Hiyo ni sauti ya mume wangu, jamani. Merle! Mwanaume niliyelala naye kitanda kimoja zaidi ya nusu karne!

Mimi nilikuwa chumba cha chini ya nyumba, nimeshika chupa ya pichi nilizosindika mwenyewe. Wao wako juu, jikoni. Nyumba za huku kwetu Pennsylvania zina matundu ya kupitishia hewa ya joto, na ukisimama chini ya tundu la jikoni unasikia hata mtu akikoroga kahawa. Merle mwenyewe ndiye aliyeyafunga yale mabomba ya hewa. Kasahau!

"Baba, mpaka lini lakini?" binti yangu akauliza.

"Mpaka tupite ule mtihani. Tukishaingia Fernhollow, hakuna wa kunitenganisha naye."

Naye?!

Naye nani?!

Hapo hapo tanuri la joto likawaka, likanguruma, sikusikia tena kitu. Nikabaki nimekumbatia pichi zangu, presha inapanda.

Nikajua tu. Arlene!

Arlene ni jirani yetu. Siku hizo gari lake lilikuwa halitoki uani kwetu. Mara kaleta supu ya kuku na mahindi, mara kaleta karatasi za Merle, wananong'ona gereji, mimi nikitokea wanazungumzia theluji. Theluji gani mwezi wa nne?

Sikusema kitu. Nilipanda ngazi, nikaweka pichi mezani, nikawatazama usoni wote wawili.

"Mbona kimya?" nikauliza.

"Tunakusubiri wewe, Mama," akasema Denise, macho mekundu.

Haya. Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili tuelewane.

Naitwa Verna Hostetter. Nilipika shuleni mpaka nilipostaafu. Merle aliendesha lori la maziwa, na hakuna shamba huku kwetu ambalo mbwa wake hawakumjua. Mtu wa watu. Ila tangu mwaka jana, wapendwa, mume wangu anasahau.

Anasahau vibaya!

Siku moja natafuta funguo za gari, nakuja kuzikuta ndani ya kopo la unga.

"Merle! Funguo kwenye unga?!"

Akazitazama. Akanitazama mimi.

"Samahani, mke wangu," akasema.

Siku nyingine nimeoka pai ya molasi, ile sharubati nzito nyeusi ya miwa, ya kupeleka kanisani. Kumbe Merle kaficha chupa ya molasi, pai ikaingia tanurini bila molasi! Waumini wakaila hivyo hivyo, unga mtupu, wanatafuna kwa shida na kunisifia. Arlene akaomba kipande cha pili. Mnafiki yule!

Hata Duke, mbwa wetu, Merle hamkumbuki. Kila jioni naweka bakuli la chakula mlangoni. Kila jioni Merle anakuja nyuma yangu, analiondoa likiwa limejaa. Namuuliza una roho gani wewe, anasema samahani.

Samahani, samahani... Mtu ananiomba samahani utadhani analipwa.

Sasa nyinyi semeni, mume wa namna hiyo unafanyaje? Ndipo tukaanza kutafuta pa kuzeekea. Denise alitutembeza sehemu tatu.

Ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea la kufa mtu. Nikauliza, mtu akiugua? Yule binti wa mapokezi akacheka kwa adabu, akasema hapo wataomba familia ije imchukue.

Ya pili ilikuwa na wauguzi, ila nyumba yao ya wagonjwa ilikuwa mji mwingine kabisa.

Ya tatu ndiyo Fernhollow. Hapo roho yangu ikatua. Kuna nyumba ndogo ndogo za wanaojiweza, kila moja na kibaraza chake. Kuna jengo la wanaosaidiwa kuoga na kuvaa. Kuna wodi ya wagonjwa. Na mwisho wa bustani kuna nyumba ya wanaosahau, ile yenye mlango unaofunguliwa kwa namba. Vyote uwanja mmoja! Ukidhoofika unasogezwa jengo linalofuata, huhami kijiji. Na ukishakuwa mkazi, hawakutoi tena hata upoteze nini, na mke na mume walioingia pamoja hawatenganishwi.

Ila kuna sharti.

Wakazi kwanza. Wa nje mpaka nafasi ibaki. Na ili mpewe kibaraza na kitanda kimoja, wote wawili muingie mkiwa wazima, miguu na akili. Kuna muuguzi wa kuwapima. Mmoja akianguka ule mtihani, wa kibarazani kibarazani, wa mlango wa namba mlango wa namba.

Mkidhani natania, muulizeni Arlene. Yeye na mumewe Clayton walisema mwakani, mwakani... Clayton akapigwa kiharusi kwenye bustani ya nyanya. Fernhollow hakukuwa na kitanda cha mtu wa nje. Akapelekwa mbali huko, na Arlene kila Jumapili anaendesha kwenye barafu kwenda kumlisha mumewe uji, anarudi peke yake.

Ndiyo maana huku kwetu kila mtu anaujua ule mtihani. Kwaya nzima inaujua! Watu wanafundishana kwenye chakula cha kanisani, kati ya saladi na pai. Watakuuliza tarehe. Watakutajia maneno matano uyakumbuke. Watakuambia uchore saa ya ukutani na namba zake zote. Hata yale maneno yanajulikana: siagi, kengele, ufagio, daraja, kijani. Arlene aliapa hayajabadilika tangu enzi na enzi.

Nikasema, sawa. Kama Merle kasahau, mimi nitamkumbusha. Sikubali kulala bila mgongo wake!

Basi ikawa kila baada ya kifungua kinywa, darasa.

"Merle, maneno matano!"

"Siagi... kengele..." Anakwama. Anakuna kichwa. "Anza wewe, Verna, nifuatishe."

"Siagi, kengele, ufagio, daraja, kijani!"

"Rudia tena, mke wangu."

Narudia. Narudia mpaka naota kengele na ufagio!

Kisha saa. Tunachora wote wawili, kila mtu na karatasi yake, tunaziweka mezani. Moja imetulia, namba zimekaa duara, safi. Nyingine... kha! Namba zote zimesukumana upande mmoja kama kondoo waliokimbia mvua. Upande wa pili mtupu.

"Merle! Saa gani hii? Mtu atajuaje muda wa kula?"

Merle akazitazama karatasi zote mbili. Kisha akaivuta ile mbovu upande wake.

"Ndiyo," akasema. "Yangu hii. Nionyeshe tena, Verna."

Nikamwonyesha tena. Na tena. Machozi yalimlenga, maskini, nikamwambia usilie, mume wangu, utaweza tu.

Na huyo huyo ndiye niliyemsikia kwenye tundu la joto akipanga kuniacha! Mimi namfundisha, yeye ananizunguka! Niliumia, jamani. Lakini nikasema acha tupite kwanza huo mtihani, Arlene nitamalizana naye baadaye.

Siku ikafika.

Chumba kidogo, dirisha linatazama miti iliyochanua. Muuguzi anaitwa Bi Pruitt, mpole, viatu vyake havina sauti. Merle kakaa pembeni yangu kavaa tai aliyoivaa kwenye harusi ya Denise. Denise yuko nyuma yetu.

"Tuanze na wewe, Mama Hostetter," akasema muuguzi.

"Mimi? Mwenye shida ni..." Nikajikaza. Ningemchoma mume wangu hivi hivi! "Haya, tuanze."

"Nitakutajia maneno matano. Uyashike, nitakuuliza baadaye. Koti. Samaki. Ngazi. Limau. Zambarau."

Nikamwona Merle anashtuka kwenye kiti.

Akanipa karatasi nichore saa. Nikachora. Rahisi kabisa, mimi mwalimu wa Merle nishindwe? Akaniuliza mwezi gani huu, nikamwambia. Akaandika.

"Sasa, Mama, yale maneno matano."

Nikakaa wima.

"Siagi, kengele, ufagio, daraja, kijani!"

Bi Pruitt akaweka kalamu chini.

Nikageuka kumtazama Merle, nikitegemea tabasamu. Kafumba macho.

Muuguzi akanigeuzia karatasi taratibu. "Na hii saa, Mama. Itazame kidogo. Unaionaje?"

Nikaitazama.

Namba zote zimesukumana upande mmoja. Upande wa pili mtupu.

Nikamshika Merle mkono.

"Hii siyo yangu," nikasema. "Hii ni ya mume wangu. Yeye ndiye anayechora hivi. Merle, waambie!"

Na Merle akasema, "Ndiyo. Ni yangu hiyo."

Bi Pruitt akamtazama kwa huruma.

"Bwana Hostetter," akasema, "wewe bado sijakupa karatasi."

Wapendwa... sijui niwaeleze vipi. Ile meza naiona, yale maua dirishani nayaona, na sina pa kushika. Mtu akikuibia mkoba utapiga kelele, watu watakuja. Sasa hapa nimpigie nani kelele?

"Mama," Denise akapiga magoti mbele yangu. "Mama, Baba hajasahau kitu. Hajawahi kusahau."

"Funguo kwenye unga?"

"Wewe, Mama."

"Molasi?"

"Wewe."

"Duke je? Nani hamlishi Duke?"

Denise akamtazama baba yake. Merle ndiye aliyejibu.

"Duke alikufa, Verna. Tulimzika wote, chini ya mti wa tufaha."

Nikalia. Nikalia kama mtoto, mbele ya mgeni.

"Kwa nini hamkuniambia?!"

"Tulikuambia," akasema Merle. "Daktari alikuambia, ukalia. Kesho yake ukawa huna habari. Tukakuambia tena, ukalia upya, kilio kile kile cha kwanza. Mara ya tatu mimi nikasema basi, sitamliza tena mke wangu. Ukaanza kusema mimi ndiye ninayesahau. Nikaona, sawa, niwe mimi. Ukinifundisha mimi, si utajifunza wewe?"

Mnaelewa? Mwanaume alikubali kuitwa mjinga kwenye meza yake mwenyewe, kila asubuhi, ili mimi nijue siagi na kengele! Na yule Arlene niliyemtukana moyoni ndiye aliyekuwa anatuletea maneno. Yeye naye alitaka tusipate yaliyompata. Kumbe maneno yenyewe yalishabadilishwa.

Nikamwambia Bi Pruitt, "Nipe nafasi nyingine. Nitayashika. Koti..." Nikatafuta linalofuata. "Koti..."

Halikuja.

Merle akapimwa, akapita bila kosa. Sijawahi kumwona mtu amefaulu akiwa na uso ule.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Merle ana kibaraza chake kule mwanzo wa bustani. Na kwa kuwa yeye ni mkazi, mimi mke wa mkazi nilipata chumba bila kungoja, huku mwisho, nyumba ya mlango wa namba. Siku ya kuhamia tulikula wote. Jioni akanibusu, akasema kesho mapema, akatoka. Mlango ukalia, ukafunga katikati yetu. Niliusukuma. Nikabonyeza namba zote ninazozijua, mwaka wa harusi, siku ya kuzaliwa Denise... Haukufunguka. Upande wa pili, kwenye kioo, nilimwona Merle kasimama. Hakuondoka, na hakuwa na la kufanya.

Nimeandika haya asubuhi hii kwa sababu leo kichwa ni chepesi. Naomba mnisikilize kabla hakijafunga mawingu.

Mkienda kuchagua pa kuzeekea, msidanganywe na mabwawa na maua. Ulizeni swali moja tu: mmoja wetu akianguka, mwingine atalala wapi? Na mwende mkiwa bado wazima. Sisi tulichagua mahali pazuri, jamani, hakuna pazuri kama hapa. Tulichelewa tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi tulingoja tukiwa tunacheka.

Na kama kuna mtu nyumbani kwako anakuomba samahani kila siku kwa makosa asiyoyaelewa, mtazame vizuri. Labda anakubebea.

Sasa niwaache. Mlango umelia, Merle huyo anaingia. Ana karatasi na penseli mkononi.

Anasema amesahau tena kuchora saa. Anataka nimwonyeshe.

Tumechora wote, tumeziweka mezani. Yake, kha! Namba zote ziko upande mmoja! Nimemwambia Merle, saa gani hii? Akaivuta, akasema ndiyo, yangu hii, nionyeshe tena.

Maskini mume wangu. Tangu mwaka jana anasahau, na anasahau vibaya. Kuna mtihani tunaujia hivi karibuni, wapendwa, mtuombee apite, maana mimi sikubali kulala bila mgongo wake.

Ngoja kwanza nikamwekee Duke chakula. Merle hamkumbuki kabisa.