Jibu Alilopewa Mwalimu Simiyu

Kila Jumamosi asubuhi Wacuka alikuwa na kazi tatu: kuchota maji bombani, kufua sare yake ya shule, na kumpelekea baba yake chai kwenye soko la Gikomba, ambako alikuwa fundi seremala. Kazi ya nne hakutumwa na mtu. Alijipa mwenyewe. Ilikuwa kumchukia Shamsia, na hiyo aliifanya kwa bidii kuliko zote.

Shamsia aliishi nyumba ya pili kutoka kwao, hapo hapo mtaa wa Mbotela, pamoja na mama yake, Bi Muhiba. Yeye na Teresiah, dada mkubwa wa Wacuka, walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Walisoma pamoja chuo cha ushonaji mjini, na mwishoni mwa mwaka 1980 wakapata vyeti vyao siku moja. Siku hiyo mama zao walipika pilau katika sufuria moja, na watoto wa mtaa mzima wakala wakashiba.

Baada ya pilau, miezi ikapita bila kazi. Teresiah aliandika barua za kuomba kazi mpaka kalamu ikaisha wino. Kisha Machi, mteja mmoja wa baba alimwambia Teresiah kwamba kiwanda fulani cha mashati, kule eneo la viwanda, kilitafuta mshonaji mmoja. Teresiah hakuificha habari ile. Alikimbia kumweleza Shamsia, wakakubaliana kuondoka pamoja kesho yake saa kumi na mbili asubuhi.

Saa kumi na mbili Teresiah alipobisha mlango, Bi Muhiba alitoka akishangaa. "Mbona Shamsia ametoka saa kumi na moja? Mimi nilidhani mko pamoja."

Teresiah alifika kiwandani akitweta. Msimamizi, Bwana Wanyoike, alimwambia nafasi imejaa. Aliandika jina lake pembeni ya karatasi, endapo siku moja kiti kitakuwa wazi. Nyuma ya Bwana Wanyoike, mbele ya cherehani mpya, alikuwa ameketi Shamsia. Aliinamisha kichwa, asimtazame.

Tangu siku hiyo Teresiah alishona Gikomba, kwenye pembe aliyopewa na baba kando ya benchi lake la useremala. Alipunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu, huku vumbi la mbao likimwangukia kwenye nywele. Hakumtaja tena Shamsia. Lakini nyumbani, kila Shamsia alipopita na aproni yake ya buluu ya kiwandani, Teresiah alifunga dirisha kwa kishindo.

Wacuka, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliona kufunga dirisha hakutoshi. Siku moja alichukua konzi ya jivu la jikoni akalipaka kwenye ile aproni ya buluu ilipokuwa kambani. Akajificha nyuma ya choo na kumtazama Shamsia akiifua upya. Moyo wake ulichangamka kama mtu aliyelamba sukari. Lakini utamu ule ulikwisha upesi. "Jivu linatoka," alijisemea. "Nataka kitu kisichotoka."

Nafasi ilimjia Jumamosi moja ya Agosti. Alikuwa akisubiri debe lijae pale bombani, akaona mwanamume mrefu mwenye miwani akibisha mlango wa kina Shamsia. Mlango ulikuwa umefungwa. Shamsia alikuwa kazini, na Bi Muhiba alikuwa amekwenda arusini Pumwani. Yule mtu alibisha tena, akangoja, kisha akamsogelea Wacuka na jalada lake mkononi.

"Hujambo, binti?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Mwalimu Simiyu, wa chuo cha ushonaji. Ninawatafuta wanafunzi wetu wa mwaka jana. Unamfahamu Teresiah?"

"Ni dada yangu, Mwalimu. Yuko Gikomba. Anashona."

"Vizuri sana!" Mwalimu aliandika. "Tunapita mtaa kwa mtaa kuuliza nani ameajiriwa, nani amejiajiri, nani anaendelea na masomo, na nani amekaa tu. Wasichana walikuwa thelathini na wawili. Hadi sasa nimewapata kumi na tisa, na walioajiriwa ni saba tu. Mmoja nimemkuta mtaa wa Huruma anauza mayai, cheti chake kimetundikwa ukutani juu ya trei." Alitikisa kichwa. "Tunataka kuanzisha masomo ya jioni ya ngazi ya juu, ndiyo maana lazima tujue tumwite nani. Na huyu Shamsia, jirani yenu, yuko wapi siku hizi?"

Debe lilijaa, maji yakaanza kumwagika. Wacuka hakuyaona. Mawazoni alimwona Shamsia ameinamisha kichwa mbele ya cherehani mpya.

"Shamsia alifukuzwa kazi kule kiwanda cha mashati," alisema.

Kalamu ya Mwalimu ilisimama. "Alifukuzwa? Kwa nini?"

"Aliiba vitambaa. Sasa amehamia Mombasa."

Maneno yalimtoka kwa urahisi, kama mtu anayesoma kitabuni. Mwalimu Simiyu alimtazama, msichana mdogo, nadhifu, mwenye adabu. Akashusha pumzi. "Msichana niliyemwamini vile," alisema polepole, akaandika. Wacuka alijitwika debe akaenda nyumbani akiimba.

Wiki mbili alitembea na siri yake kama aliyeficha peremende mdomoni. Shamsia alipompita njiani na kusema, "Wacuka, hujambo?" aliitikia vizuri kabisa, huku ndani akicheka. Hakujua kwamba Mwalimu Simiyu, kwa masikitiko, alikuwa amekiandikia kiwanda barua kuomba radhi kwa aibu ya mwanafunzi wake na kuuliza ni vitambaa gani vilivyoibwa.

Jumatano ya wiki ya tatu, Wacuka alipotoka shule alimkuta Shamsia ameketi kizingitini mwa nyumba ya mama yake bila aproni, macho yamevimba. Ndani, Bi Muhiba alisikika akisema, "Ni nani huyu, ewe Mola? Ni nani aliyemwita mwanangu mwizi?"

Kufikia Ijumaa habari zilikuwa zimeenea. Ingawa hakuwa amemfukuza kama barua ilivyosema, Bwana Wanyoike alimsimamisha Shamsia kazi kwa sababu barua ilitoka chuoni penyewe, na chuo hakiwezi kumsingizia mwanafunzi wake. Wanawake waliokuwa wakizungumza bombani walinyamaza Bi Muhiba alipofika. Mmoja alianua nguo zake kambani ingawa zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Jumamosi jioni askari wa lango la kiwanda alikuja hadi mlangoni kwa kina Wacuka. "Bwana Wanyoike amenituma. Kiti kiko wazi, na jina la Teresiah ndilo linalofuata. Aripoti Jumatatu saa moja."

"Kiti cha nani?" Teresiah aliuliza.

"Cha yule Shamsia. Kumbe ana mkono mrefu."

Teresiah alicheka. Wacuka hakuwahi kumsikia dada yake akicheka hivyo. Kilikuwa kicheko kikavu, kisichofika machoni.

"Mungu si Athumani!" Teresiah alisema akipiga makofi. "Aliamka saa kumi na moja kunipokonya. Sasa alale mpaka saa sita!"

Wacuka alicheka naye. Kila alichokitaka kilikuwa kimetimia. Hata hivyo, usiku ule aliacha nusu ya ugali wake kwenye sahani.

Jumapili baada ya kanisa, Teresiah alipiga pasi gauni lake la mahafali ili alivae kesho. Makaa yalipasuka ndani ya pasi naye akazungumza mfululizo.

"Wajua, Wacuka, nilipoteza mkasi wangu chuoni, ule alioninunulia baba. Siku zote nilifikiri niliusahau darasani. Kumbe nilikuwa nakaa dawati moja na mwizi! Kesho nitamweleza Bwana Wanyoike habari za ule mkasi. Na nitamweleza mwalimu wa chuo. Nataka kila mahali atakapopeleka kile cheti chake, wamjue. Asipate kazi. Asipate kusoma. Amalize maisha yake akishona vifungo nyumbani kwa mama yake."

Mkasi ule haukuibwa na mtu, na Teresiah mwenyewe alijua hivyo hadi jana. Uongo mmoja uliosemwa bombani ulikuwa umezaa wa pili, na huo wa pili ulitoka mdomoni mwa dada yake, mtu aliyejulikana mtaani kwa ukweli. Kesho ungezaa wa tatu.

Wacuka alifikiri, nikinyamaza hakuna atakayejua. Dada atapata kazi. Shamsia ataumia, na aumie tu! Bado alimchukia. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Ingekuwa chuki imekwisha, kusema kungekuwa rahisi.

"Dada," alisema. "Shamsia hakuiba."

"Unajuaje?"

"Ni mimi niliyesema. Mwalimu Simiyu aliniuliza bombani, nikamwambia ameiba. Nilitaka... nilitaka akome."

Teresiah aliiweka pasi chini. Alikaa kitandani, akalitazama gauni lake.

"Na mimi nilikuwa nacheka," alisema. Kisha alimgeukia mdogo wake kwa hasira. "Ulitaka nikalie kiti gani, Wacuka? Nishone mashati miaka kumi juu ya machozi ya mtu, bila kujua? Kesho huendi shule. Utakwenda nami chuoni, na utasema kwa mdomo huo huo."

Mwalimu Simiyu aliwasikiliza ofisini akiwa amevua miwani. Wacuka aliposema neno la mwisho, alitarajia kofi. Halikuja.

"Umefanya vibaya sana," Mwalimu alisema. "Lakini kosa si lako peke yako. Nilimwuliza mtoto jambo la heshima ya mtu mzima, nikaliandika bila kulichunguza. Mimi, mwalimu!" Alichukua koti lake. "Twendeni kiwandani."

Bwana Wanyoike hakuwa mpole hivyo. Alimsimamisha Wacuka katikati ya safu mbili za cherehani, akamwamuru arudie maneno yake kwa sauti. Cherehani moja baada ya nyingine zilinyamaza. Washonaji arobaini walimtazama msichana mdogo akisema, "Nilidanganya. Shamsia hakuiba kitu."

Bwana Wanyoike alimtazama Teresiah. "Unaelewa kwamba Shamsia akirudi, nafasi yako imepotea?"

"Haikuwa yangu," Teresiah alijibu.

Jioni hiyo walibisha hodi kwa Bi Muhiba. Habari zilikuwa zimewatangulia, kwa maana Mwalimu Simiyu alikwenda mwenyewe kumpa Shamsia barua ya kumrudisha kazini. Shamsia alisimama karibu na dirisha. Wacuka alipiga magoti akaomba radhi. Shamsia aligeuza uso, akatazama nje.

Teresiah alimsogelea Shamsia. "Mdogo wangu amekukosea, na mimi nilifurahia. Hilo nakuomba radhi. Lakini nawe, Shamsia, uliniacha."

Shamsia alifunika uso kwa ukingo wa leso. "Niliogopa," alisema. "Mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Tungekwenda pamoja wangekuchukua wewe. Nilijua hivyo nilipokuwa natoka saa kumi na moja, na nimejua hivyo kila siku nilipopita dirishani pako."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia. Nilishindwa."

Hawakukumbatiana siku ile. Lakini Teresiah alipotoa karatasi mbili za kuomba masomo ya jioni, alizopewa na Mwalimu Simiyu, moja yake na moja ya Shamsia, Shamsia aliipokea kwa mikono miwili. Waliinama juu ya meza wakaanza kujaza, wakiazimana kalamu. Teresiah angeendelea kushona Gikomba mchana, Shamsia kiwandani, na Januari wangerudi darasani wote.

Bi Muhiba alimwinua Wacuka kutoka sakafuni, akamketisha kando yake mkekani.

"Usidhani sina hasira," alisema. "Ninayo. Siku tano nimepita mtaani nikiwa nimefunika uso, na nimeishi hapa miaka ishirini. Wajua kwa nini nimekufungulia mlango?"

"Sijui, Mama Shamsia."

"Kwa sababu umekuja mwenyewe, na umekuja mbele. Mwanangu alimkosea dada yako, ni kweli. Mngekuja mlangoni hapa mkasema, 'Shamsia ametudhulumu,' ningemkalisha chini mbele yenu, akajibu. Lakini wewe ulimzunguka kwa nyuma. Anayelipa kisasi kwa nyuma haoni anampiga nani. Ulitaka kumpiga Shamsia, ukanipiga mimi, ukampiga mwalimu wa watu, na umepona chupuchupu kumharibu dada yako. Ukidhulumiwa, mwanangu, sema ukweli, useme waziwazi, useme kwa aliyekukosea. Hiyo ndiyo haki. Hayo mengine ni dhuluma ya pili tu."

"Nimesikia, Mama Shamsia."

"Umesikia. Sasa kesho ukitoka shule utapita nami nyumba kwa nyumba, tangu hapa mpaka barabarani, na kila mlango utasema ulichosema kiwandani. Mimi nitasimama kando yako."

Wacuka alihesabu milango ile moyoni, akaiona mingi.

"Nitakuja," alisema. "Saa kumi na nusu."