Kufuli la Baba Mdogo

Ilianza Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, jua likiwaka na karakana ya treni ikipiga kelele zake za kila siku. Nilikuwa nakagua mashine ya kukereza magurudumu. Ni kubwa kama chumba. Hubana magurudumu mawili pamoja na ekseli, mhimili unaoyaunganisha, na kuyachonga upya.

Ndiyo iliyomuua baba yangu mdogo mwaka jana. Karakana ina sheria moja: anayeingia ndani ya mashine huzima umeme, hutia kufuli lake kwenye swichi na kubaki na ufunguo. Siku ile kichwa cha treni kilikuwa kikisubiri magurudumu yake, na msimamizi alikuwa na haraka. Baadaye alisema baba mdogo hakufunga. Ufunguo ulirudi nyumbani mfukoni mwake, kufuli halikuonekana. Nilipoajiriwa hapo kama mhandisi, mama mdogo alinivalisha ufunguo huo shingoni, akasema maiti hajitetei, basi nimtetee mimi. Na sasa, Ijumaa asubuhi, mashine ilikuwa ichukuliwe kama chuma chakavu.

Msimamizi alipita akacheka. "Mhandisi, unatafuta mzimu? Humo kuna uzembe tu."

Nilizima umeme. Nikafunga kufuli langu, nikalitikisa, nikarudi nikalitikisa tena. Hata mlango wa nyumbani huwa siuamini. Nikaingia katikati ya magurudumu.

Yakazunguka.

Polepole. Kinyume. Bila mngurumo wa mota. Kisu cha kuchongea kikasogea usawa wa bega langu.

"Mwanangu, toka," alinong'ona dereva wa kreni, rafiki wa marehemu. "Swichi imefungwa. Naiona."

Lakini ningetoka, jina la baba mdogo lingeyeyushwa pamoja na chuma.

"Sitoki," nikasema. "Baba mdogo, kama ni wewe, nipe ulichonacho."

Magurudumu yakasimama. Kutoka kwenye shimo la vinyoleo vya chuma, kitu kikasukumwa hadi kwenye kiatu changu. Kufuli jekundu, herufi za jina la baba mdogo zimechongwa ubavuni. Chuma chake cha juu kilikuwa kimekatwa kwa msumeno. Lilikuwa na joto, kama limetoka mfukoni mwa mtu.

Nilitoka, nikaondoa langu kwenye swichi, nikalitundika lake, likiwa limekatwa hivyo hivyo, kila mtu alione.

Asubuhi nililikuta limefungwa. Nilipitisha kucha pale palipokatwa. Hapakuwa na alama.

Wafanyakazi walikuwa wameizunguka mashine. Msimamizi akaja na wachukuzi wa chuma chakavu, akaliona, jasho likamtoka.

"Leteni msumeno," alisema. "Likatwe tena."

Hakuna aliyesogea. Dereva wa kreni akamtazama. "Tena?"

Nikasimama kati ya msimamizi na swichi. Nikaukaza ufunguo ndani ya ngumi.

"Shikamoo, bosi," nikamwambia. "Ufunguo ninao. Sifungui mpaka uwaambie hawa nani alilikata mara ya kwanza."

Nyuma yangu, mashine ikaanza kuzunguka.

Sikugeuka.