Kiti cha Mbele

Rangi ya msingi iliisha kabla haijaenea gari zima. Fundi alifungua kikombe cha bastola ya kupulizia, akachungulia ndani, akakuta kitupu. Lita mbili nzima, na zilizopata rangi ni boneti na milango miwili tu. Katika miaka kumi na tisa ya kupaka magari ya watu hakuwahi kukosea kipimo namna hiyo. Na hili halikuwa gari la mtu, lilikuwa la marehemu baba yake, analifufua bandani nyuma ya nyumba kwa ajili ya mama.

Mama alikuwa haoni tena, na kifua kilikuwa kinamzidi kila wiki. Aliomba jambo moja kabla hajaondoka duniani: azungushwe na gari lile akiwa amekaa kiti cha mbele. Ndoa yake yote alikalishwa nyuma kama gunia. "Hicho kibovu, kitakuumiza mgongo," mumewe alikuwa akimwambia, na mzee yule, Mungu amrehemu, alikuwa mwongo aliyekubuhu. Fundi alipokifungua kiti alikuta springi zake nzima kabisa. Kilikuwa kimebonyea tu katikati, kama kiti kinachokaliwa kila siku. Akacheka peke yake, akajua baba alikuwa na hawara.

Siku ya pili alirudi na kopo jingine. Akabandika magazeti kwenye vioo, akashusha mapazia ya nailoni, akamwagia sakafu maji ili vumbi lisiruke. Akavaa barakoa yake ya vichujio viwili, ambayo ukiivaa husikii hata harufu ya tina ya kuzimulia rangi. Alipoanza kupuliza akasikia harufu ya waridi.

"Unafanya kazi na nani huko?" mama aliita kutoka mlango wa jikoni.

"Niko peke yangu, mama."

"Kuna mwanamke anasonya."

"Ni kompresa hiyo."

"Tangu lini kompresa ikasonya?" Akashusha sauti. "Toka humo, mwanangu. Toka sasa hivi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fundi alisema amalizie mlango mmoja tu. Ukungu wa rangi ukaingia garini kupitia mlango wa mbele, ambao alikuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe na sasa ulikuwa wazi, ukatua juu ya kile kiti bila kukigusa, ukachora goti, ukachora goti la pili, ukachora mikono miwili iliyotulia mapajani, na kila alivyojaribu kuachia bastola kidole kiligoma, rangi ikazidi kutoka, ikapanda kifuani, ikapanda shingoni, mpaka pakawa na uso wa kijivu, laini, usio na macho, nao ukamgeukia taratibu.

"Endelea," ukanong'ona. "Macho bado."

Alipiga ukelele, akang'oa bomba la hewa, akakimbia mpaka kwa mama yake.

Mganga alikuja adhuhuri. Alifukiza ubani, akasoma, akasoma tena, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, na hatimaye vumbi la kijivu likadondoka kutoka kitini.

"Ametoka, mzee?" fundi aliuliza kwa kunong'ona.

"Amesogea. Huyu ni jini, mke wa baba yako, na kiti ni nyumba yake. Kichome leo."

Fundi alishika kiberiti. Mama akapapasa hewani hata akaupata mkono wake, akaubana.

"Miaka thelathini na nne nimekaa nyuma ya huyo mwanamke," alisema. "Nikinusa waridi lake, nikinyamaza kwa ajili yenu. Nataka kukalia kiti kilekile. Nikishakaa, chomeni hata gari zima."

Mganga akatikisa kichwa, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Fundi naye angefanyaje? Kumkatalia mama anayekufa hakuweza.

Akamaliza gari kwa rangi nyekundu. Safari hii rangi ilitosha, hata ikabaki robo kopo, akaifunika na kuiacha rafuni bandani. Siku nne baadaye, asubuhi ya jua kali, alimtoa mama akiwa amevaa nguo zake nzuri, akamkalisha mbele, akamfunga mkanda. Mama alikipapasa kiti pande zote, akacheka kama msichana.

"Kumbe mbele kuzuri hivi," alisema. "Twende, mwanangu."

Fundi alifunga mlango, akazunguka boneti huku akifuta machozi, akaingia upande wake, akatia ufunguo. Ndipo harufu ya waridi ikamjaa puani. Aliyekaa ubavuni mwake alikuwa mwekundu mwili mzima, mbichi bado, rangi ikimchuruzika vidoleni, kiunoni amefungwa mkanda uleule. Sasa alikuwa na macho, na yalikuwa yakimtazama.

Kutoka kiti cha nyuma ikaja sauti ndogo, ya mtu anayejizuia asilie.

"Mwanangu, amenirudisha nyuma."